Mlango wa Mkono

Naomba mtu asinipongeze. Nimelisema hilo stendi ya Kahama, nimelisema sokoni Shinyanga, nimelisema hata mlangoni mwa kanisa, na bado watu hawasikii. Wakiniona tu wanapiga kofi moja hewani, wanapaza sauti, "Hei!", halafu wananikodolea macho wakisubiri nicheke. Wanadhani wananifurahisha. Mimi hapo damu imeshanipanda mpaka masikio yanawaka. Kuna kondakta alinifanyia hivyo mara tatu nikiwa na gunia la mchele kichwani, nikamwambia akirudia mara ya nne nitamzaba kibao mbele ya abiria wake. Akacheka. Akasema wasanii bwana, mna vituko.

Basi ngoja niseme yote hapa, ili atakayenipigia tena hilo kofi ajue amefanya kusudi.

Nilikuwa mpiga dramu wa ile bendi. Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi, anapiga gitaa na kuimba, na fundi simu mmoja wa mjini aliyepiga besi. Tulipiga roki. Ndiyo, roki, Shinyanga hii hii. Gitaa linalokwaruza na dramu za kutikisa mabati. Mazoezi tulifanyia Ngokolo, kwenye stoo ambayo zamani iliwekwa pamba, na majirani walishatushtaki kwa mwenyekiti wa mtaa mpaka mwenyekiti mwenyewe akachoka kutuita. Walituita wenye mapepo. Mchana niliuza mchele sokoni, jioni nilipiga dramu, na sikuona aibu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Ule mdundo uliotutoa haukuwa wangu wala wa binamu. Ulitoka kwa mama yangu, na kwa wanawake wenzake wanaotwanga mawe upande wa Geita.

Watu wa mbali wakisikia dhahabu ya Geita wanafikiria mitambo mikubwa. Mitambo ile sisi tuliisikia ikinguruma tu. Sisi tulikuwa watu wa magwangala, yale mawe yanayomwagwa kama takataka baada ya wenye nguvu kuchukua chao. Mwenye mawe mengi anapeleka kwenye karasha, mashine inamsagia. Mwenye karai moja au mbili, mwenye karasha hata salamu hamjibu. Huyo ndiye anayekuja kwa wanawake wenye vinu vya chuma. Kinu cha mama kilikatwa kutoka kwenye mtungi wa gesi, na mitwangio yake ilikuwa vipande vya ekseli ya gari. Ukiunyanyua mmoja mara ya kwanza unadhani umeunyanyua ukiwa bado una gari lake.

Kazi ile inataka watu watatu. Wawili wanasimama na mitwangio, wa tatu anakaa chini. Huyo anayekaa anaitwa mkono. Anaingiza mkono wake kinuni, anageuza mawe, anarudisha yaliyokimbilia ukingoni, anatoa lile bishi linalokataa kupasuka. Utasema, kwani asitumie kijiti? Mama aliulizwa hilo na wageni wengi na jibu lake lilikuwa moja.

"Kijiti hakina macho."

Mama ndiye alikuwa mkono, tangu sijazaliwa. Kwa mkono ule wa kulia alitulisha watoto wanne, akatusomesha mpaka pale aliposhindwa, akamzika baba bila kukopa sanda. Nikisema mkono simaanishi juhudi. Namaanisha nyama na mifupa na vidole vitano.

Sasa, mkono unaingiaje na ekseli mbili zinashuka? Unaingia kwa sababu ya mdundo. Mapigo matatu, kisha kimya. Huyu, yule, huyu, kimya. Yule, huyu, yule, kimya. Kwenye kile kimya mkono unaingia na kutoka. Wanawake wanakiita mlango. Na wimbo wa kutwangia umetungwa kuuzunguka huo mlango: ukifika pale hata sauti inakatika, hakuna neno, hakuna kikohozi. Ndiyo maana kule kwetu hakuna anayefundishwa kutwanga. Unafundishwa wimbo. Ukishasema unaujua, unapewa mtwangio na mkono unaingia siku hiyo hiyo, kwa pigo la kwanza. Hujaribiwi. Kumjaribu mtu aliyesema anaujua wimbo ni kumwita mwongo mbele ya wenzake, na mama yangu hakuwahi kumfanyia mtu hivyo.

Mimi nilishika mtwangio nikiwa na miaka kumi na tano. Sikuwahi kumgusa mama hata ukucha. Wenzake walipowasifu mabinti zao kwa adabu na kwa sura, mama alinisifu kwa neno moja tu: "Huyu anajua mlango." Sijapata sifa nyingine niliyoipenda kama ile, na nimeshapigiwa makofi na viwanja vizima.

Wimbo wenyewe tuliutengeneza alasiri moja ya mvua. Binamu alikuwa amekwama. Wiki nzima alikuwa anakwaruza gitaa lile lile, anatunga mambo ya mapenzi ya watu asiowajua, na mimi nimechoka. Kwa hasira nikaanza kupiga mdundo wa kutwanga. Ngoma kubwa, ndogo, kubwa, kimya. Ndogo, kubwa, ndogo, kimya. Binamu akainua kichwa.

"Hiyo nini?"

"Nyumbani hiyo. Wewe piga gitaa."

Akapiga. Gitaa likanguruma juu ya mapigo matatu, likakatika nami kwenye kimya, likarudi. Fundi simu akaingia na besi. Loo! Nywele zilinisimama. Ule mlango ulikuwa unavuta, yaani unasikia mwili unataka kuanguka mbele halafu unadakwa. Tukaupiga mpaka mvua ikakatika. Majirani siku ile hawakushtaki.

Lakini wimbo wa watu hauchukuliwi kama embe la njiani. Tukapanda basi mimi na binamu mpaka kwa mama. Tukapiga magoti, shikamoo, marahaba, tukaeleza shida yetu. Alikuwepo na jirani yetu, mama mtu mzima aliyetwanga naye miaka yote. Tukawapigia kwa simu tulivyorekodi. Jirani alicheka mpaka akashika mbavu, akasema gitaa linalia kama karasha bovu. Mama hakucheka. Alisikiliza kichwa kimeinama, mkono wa kulia juu ya goti, na kila mlango ulipofika niliona vidole vyake vinacheza.

"Chukueni," akasema. "Maneno badilisheni mnavyotaka, tieni hayo makelele yenu. Ila mlango msiuzibe."

"Hatuuzibi, mama," binamu akasema.

"Sijasema na wewe. Nasema na huyu anayejua."

"Siuzibi, mayu," nikasema mimi. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na nilipomwita hivyo alijua naapa.

Mara ya kwanza kuupiga mbele ya watu ilikuwa Kagongwa, uwanjani, siku ya mnada. Wafugaji na wauza mchele, watu wasiojua roki ni mnyama gani. Wakaanza kucheza kwa kutukejeli. Mlango wa kwanza ukawakuta miguu ipo hewani. Wakabaki hivyo hivyo, mguu juu, wanatazamana, mpaka pigo likarudi wakaangua kicheko. Mlango wa tatu walishauelewa, na uwanja mzima ulikuwa unanyamaza pamoja nasi. Watu mia kadhaa, na ng'ombe, kimya. Nataka mtu aliyesema kimya kile hakiuziki anieleze alikuwa wapi siku ile.

Aliyesema hivyo ni fundi wa studio, Mwanza. Kijana ana miwani ya jua ndani ya nyumba. Tulirekodi siku mbili, na siku ya pili akasimamisha kila kitu.

"Dada, hapa katikati panaanguka. Mtu akiwa kwenye gari atadhani redio imekatika."

"Hapaanguki. Ndivyo ulivyo."

"Najua ndivyo ulivyo. Ndiyo maana tunaurekebisha."

Nikamweleza habari za kinu, za mkono, za mama. Nilimweleza kwa upole, na upole mimi sina wa kugawa. Akaitikia kwa kichwa, akasema aisee, stori nzuri sana hiyo, mtaisema kwenye mahojiano. Binamu alikaa pembeni anafunga nyuzi za gitaa kana kwamba hayamhusu. Nilipanda basi kurudi Shinyanga nikijua nimeshinda.

Baada ya wiki wimbo ukaingia kwenye simu ya binamu, naye akanirushia. Nilikuwa sokoni, mteja yupo mbele yangu na kisado mkononi. Nikaweka simu sikioni. Pigo, pigo, pigo, halafu kofi. Kofi la watu wengi kwa pamoja, na juu yake sauti ya binamu yangu: "Hei!" Kila mlango. Wimbo mzima hapakubaki upenyo wa kupitisha hata kidole.

Nikampigia. Nilimtukana mpaka mteja akaweka kisado chini akaondoka zake.

"Umemaliza?" binamu akaniuliza. "Sasa sikiliza. Tuupeleke redioni hivi hivi, mwezi mmoja tu. Ukishika, tutarekodi wa kwako wenye mlango. Usiposhika, hakuna atakayeusikia, ugomvi wa nini?"

Nami nikasema haya.

Nimewakasirikia watu wengi kwa habari hii, lakini hilo "haya" ni langu. Hakunishikia mtu panga. Nilitaka kujisikia redioni, basi. Nilitaka wale waliotuita wenye mapepo wanisikie. Mchuuzi wa mchele nami nikaona nikinyamaza kidogo nitakuwa mtu.

Na ulishika, tena siyo utani. Ulishika kama moto kwenye nyasi za kiangazi. Ulipigwa kwenye mabasi, kwenye saluni, kwenye harusi za watu waliokuwa wakitukimbia. Watoto wa shule waliutumia kukimbilia mchakamchaka. Jina la wimbo hakuna aliyelishika, wote waliuita "ule wa hei". Ukumbi ukijaa, watu hawakusubiri gitaa wala maneno. Walisubiri kupiga lile kofi. Mahali pa mkono wa mama yangu ndipo palipokuwa utamu wao. Mwezi mmoja ukapita, ikapita miezi sita, nikawa namkumbusha binamu ile ahadi, naye anasema, "Tulia basi, tusimkate mkia ng'ombe anayetembea." Ukapita mwaka, ukaja wa pili. Na mimi jukwaani, kila wiki, nilipiga kama redio inavyopiga, kwa sababu ukiwaachia watu pengo wanadhani umekosea.

Tuliitwa redioni. Mtangazaji, msichana mchangamfu tu, akaniuliza siri ya ile hei ni nini. Nikasema siri yake ni kwamba haikutakiwa kuwepo. Binamu akacheka haraka, akadakia kwamba dada yetu huyu ni mtu wa masihara. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, na sikuukanyaga kwa masihara.

Mama aliusikia kwenye redio ya jirani. Nilipokwenda kumsalimia alikuwa anaosha karai, hakuinua macho.

"Mmeuziba."

"Ule ni wa redioni tu, mayu. Wetu wenyewe upo, tutaurekodi."

"Wa redioni si ndio unaosikika?"

Nikambebea maji, nikafagia uwanja, nikafanya kila kazi isipokuwa kumjibu.

Wakati huo mdogo wangu wa kiume alioa. Wifi yangu ni binti wa Kagongwa, nyumba ya wakulima wa mpunga, mikono laini ya mtu aliyezoea tope na siyo jiwe. Kabla mume wake hajamaliza kuezeka nyumba kule Geita, alikaa kwangu Ngokolo miezi mitatu. Mcheshi, mchapakazi, na alijivunia kuwa wifi yake yupo redioni kuliko nilivyojivunia mwenyewe. Aliujua wimbo wote. Akiosha vyombo anaimba, akifika pale anagonga sufuria kwa kijiko: "Hei!" Nilimsikia asubuhi, nilimsikia jioni. Ningeweza kumwambia, wifi yangu, hapo huwa pananyamaza, njoo nikuonyeshe kwa nini. Maneno kumi tu. Nilikuwa nimeuchoka ule wimbo, nikawa nafunga mlango wa chumba nisimsikie.

Kisha akahamia kwa mumewe, na siku moja mmoja wa watwangaji wenzake mama akaumwa, mtwangio mmoja ukakosa mtu. Haya nitakayoyasema sasa nimeyapata kwa jirani, ndiye aliyekuwa ameshika mtwangio wa pili. Wifi alijitolea. Mama akamuuliza lile swali lao la siku zote.

"Wimbo unaujua?"

"Naujua wote, mama. Nimekaa na wifi miezi mitatu."

Jirani anasema mama alitabasamu. Wa redioni aliujua kuwa umezibwa. Lakini huyu alikuwa ametoka nyumbani kwangu, na kwangu, kwa mawazo ya mama, pasingeweza kutoka mtu mwenye wimbo wenye kasoro. Mimi ndiye niliyekuwa najua mlango! Akaingiza mkono. Mizunguko ya kwanza walikwenda polepole, wifi akimfuata jirani kwa macho, na mlango ukawa wazi. Kisha wakachangamka. Wifi akasahau macho, akashika wimbo. Walipofika kwenye kiitikio akapaza, "Hei!", na ekseli ikaifuata sauti yake.

Mdogo wangu alinipigia simu mchana. Akasema, "Dada, mama ameumia," na mimi nikamalizia mwenyewe, "mkono." Akaniuliza nimejuaje. Nikakata simu.

Vidole viwili vilikatwa. Cha tatu kipo ila hakikunjiki, kimesimama tu. Nilipofika wodini wifi alikuwa amekaa sakafuni, uso ameufunika kwa kanga, hajala tangu jana. Nilimwona nikatamani kumrarua, Mungu anisamehe, kwa sababu ilikuwa rahisi kumrarua yeye. Mama akaniona ninavyomtazama.

"Mwache. Ameimba alichofundishwa."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Angenitukana, angenilaani, ningejua pa kuushika mzigo wangu. Nilimkasirikia hata yeye, kwa kukataa kukasirika. Na hapo, wakati nimesimama, muuguzi akaingia kubadilisha dripu, akanitazama mara mbili, uso ukamchanua. "Wewe si yule wa..." akasema, na akapiga kofi moja, dogo, la heshima ya wodini. Nilipiga ukelele uliowaamsha wagonjwa wote. Walinitoa nje wawili. Mama kutoka kitandani alikuwa anasema jamani mwacheni, na wewe mwanangu msamehe dada wa watu, hajui.

Nilirudi Shinyanga na basi la siku iliyofuata nikaenda moja kwa moja kwenye stoo ya pamba. Binamu aliposikia alilia, na sidanganyi, alilia kilio cha kweli, maana mama ndiye aliyemkaribisha kila likizo alipokuwa mtoto. Akasema tumuimbie mama, tumtungie wimbo wake.

"Sitaki wimbo mwingine. Futa hei."

"Nifute wapi? Upo kwenye simu za watu wote."

"Basi tupige bila hei. Kuanzia Jumamosi."

Akakubali. Jumamosi tulikuwa na onyesho Kahama, uwanja umejaa mchana kweupe. Akasimama kwenye kipaza sauti akaeleza, vizuri tu, kwamba leo tutaupiga kama walivyoupiga mama zetu, kuna kimya, tunaomba mkiheshimu. Watu wakashangilia. Tukaanza. Mapigo matatu, nikainua mikono yangu juu, vijiti hewani, nikanyamaza. Uwanja wote ukapiga kofi. "Hei!" Nikanyamaza mlango wa pili, wakapiga kwa nguvu zaidi, wanacheka, wanadhani tumewaachia wao. Walidhani ni mchezo. Watoto walikuwa mabegani mwa baba zao wanapiga vikofi vyao. Nilivirusha vijiti chini, nikashuka jukwaani, na mpaka leo sijapanda tena. Wao waliendelea kupiga kofi bila dramu, na walienda sawasawa.

Nikafunga meza yangu ya mchele, nikaenda nyumbani kwa mama.

Sikwenda kuomba radhi. Kuomba radhi niliona ni maneno, na maneno tumeshayasema mengi. Nilikwenda kutwanga. Nilikuwa nimeshapanga yote ndani ya basi: mama atarudi kwenye kinu chake, mkono wa kushoto utajifunza kazi ya wa kulia, na anayesimama juu yake na mtwangio nitakuwa mimi, mtu ambaye hajawahi kumgusa ukucha. Hakuna mwingine wa kuaminiwa. Wifi achague mawe tu, maisha yake yote.

Nikawakuta uwanjani asubuhi. Mama amekaa kwenye kigoda chake, mkono wa kulia umefungwa kitambaa, kinu kipo mbele yake na mawe ndani. Jirani amesimama na mtwangio. Wifi yuko kando anachagua mawe, alinisalimia kwa sauti ya chini, sikuitikia vizuri.

"Nimeacha bendi, mayu. Nimekuja kushika mtwangio. Mimi wimbo naujua."

Mama akanielekeza kinu kwa kidevu.

"Shika basi."

Nikaushika. Uzito ulikuwa ule ule, na moyo ukanitulia kidogo. Nikamwangalia jirani, tukaanza. Huyu, yule, huyu, kimya. Yule, huyu, yule, kimya. Nikaimba, sauti ikanitoka safi. Ndipo nikaona kwamba mkono wa mama hauingii. Mlango unafunguka, unafungwa, na mkono wake wa kushoto umetulia juu ya goti. Nikadhani anasubiri tuchangamke. Tukachangamka. Mkono uko pale pale kwenye goti, na mama hatazami mawe, anatazama mabega yangu.

Alikuwa ananijaribu. Mimi! Hasira ikanipanda. Mbele ya jirani, mbele ya wifi! Nikapandisha sauti, nikaongeza nguvu, nimwonyeshe. Tukaingia kiitikio. Huyu, yule, huyu, na mtwangio wangu ukashuka.

Ulishuka katikati kabisa ya mlango. Sikuamua. Mkono wangu ulikuwa umeshashuka ndipo nikaujua. Chuma kikalia juu ya jiwe, vipande vikaruka. Jirani aliushika wake hewani, mdomo wazi.

Nilitaka kumlaumu binamu, nikatafuta jina la yule fundi wa studio nilitukane, nikawafikiria wale watu wa Kahama na vikofi vyao. Lakini aliyekuwa ameshika chuma ni mimi.

"Mpe wifi yako," mama akasema.

"Mayu, ngoja nirudie. Nimeghafilika."

"Mpe, ng'wanone. Mpe, mwanangu."

Wifi alisimama, machozi yanamtoka, anasema mama, siwezi mimi, mama. Jirani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu mama atoke hospitali, wifi alikuwa anaamka kila siku anatwanga kinu kitupu, peke yake, mdomo ameufunga. Akaupokea mtwangio kwangu bila kunitazama. Wakaanza polepole. Huyu, yule, huyu, na wote wawili wakasimama na chuma juu, hata pumzi sikuisikia. Mama akaingiza mkono wa kushoto, akageuza mawe bila haraka, akautoa.

Nikaenda kukaa pale alipokuwa amekaa wifi, nikaanza kuchagua mawe.